Mume Wangu Alinywana na Daktari

Majina yao siyaandiki. Jina mtu hupewa angali mchanga, hajamkosea mtu yeyote, na sioni faida ya kuwachafulia mama zao kazi hiyo. Nitawataja kwa vyeo vyao: daktari, dresa wake, yaani msaidizi wa kuchoma sindano, na mkungu, mkuu wa kijiji chetu. Waliokuwa upande wa Nyabiyonza miaka ile watawatambua bila mimi kuongeza neno. Hao watatu ndio waliomuua mume wangu. Mume wangu mwenyewe aliwasaidia, kwa uaminifu wake, na yeye nilimsamehe siku ileile aliyokufa. Wale wengine bado.

Mimi naona kwa jicho moja. Jicho la kushoto lilikwenda na dawa. Sikusoma sana, nilipita darasa la ubatizo nikajua kusoma na kuandika, basi. Kiswahili nilijifunza nikiwa mtu mzima, na sababu yake nitaieleza mahali pake.

Walianza kufa ng'ombe. Mume wangu alikuwa wa ukoo wa wafugaji, amezaliwa kwenye maziwa na kulelewa kwenye maziwa, na mbung'o walipopanda kutoka bondeni alibaki na fimbo ya kuchungia isiyokuwa na cha kuchunga. Akahamia kwenye kibanja cha migomba cha baba yangu. Watu walimcheka. Mchunga ng'ombe analima migomba! Na yeye alicheka pamoja nao, akisema migomba haipigi teke. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwenye kumtania alipata chakula kwake.

Baada ya ng'ombe ikaja zamu ya watu. Kichwa kikaniuma mwezi mzima, tezi zikanitoka nyuma ya shingo, na siku moja nikasinzia nikiwa namenya ndizi, kisu mkononi, nikaamka kidole kinavuja damu na mama mkwe ananitazama kama anayetazama kaburi. Mkungu alikuwa ameshatangaza: kila mtu akapimwe malale, na mgonjwa apelekwe kambini. Mkungu huyo hakujua malale ni nini. Alijua tu kwamba ameamriwa kupeleka watu, na kupeleka watu ilikuwa kazi aliyoipenda.

Kambi ilikuwa kule chini kwenye nyika, kuelekea mto Kagera. Walikuwa wamekata vichaka vyote, ardhi iko wazi kama kichwa kilichonyolewa, na misonge imepangwa kwa mistari. Mume wangu alikuwa mzima kabisa, lakini alinifuata. Aliniambia, "Nikubakishe peke yako na watu wanaotazama damu? Nitakuja nikupikie." Na kweli alinipikia. Wanawake wa kambi walikuja kutazama mwanamume akimenya ndizi, wakawa wanamwita mama mwenye ndevu.

Daktari alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayepiga mluzi akifanya kazi. Alijua kusalimia kwa lugha yetu. Hakuwahi kumpiga mtu, hata kumfokea. Laiti angekuwa mkali! Mkali hukimbiwa mapema.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu siku hizi vijana waliobatizwa hawalijui au wanajifanya hawalijui. Kwetu wanaume wawili wakitaka kuwa zaidi ya ndugu, hunywana. Kila mmoja huchanjwa kidogo karibu na kitovu. Tunda la kahawa hupasuliwa, ndani lina mbegu mbili. Kila mmoja huipaka mbegu yake damu yake, na mwenzake huimeza. Huo ndio mukago, na huyo ndiye munywani wako. Tangu siku hiyo akikuomba kitu huwezi kumnyima, huwezi kumdanganya, wala huwezi kumdhuru. Ukimdhuru, damu yake iliyo ndani yako itavimba tumboni mpaka ikuue. Msidhani hayo yalikuwa maneno ya kutishia watoto. Nimewaona wanaume wakigawa vibanja kwa ajili ya mukago. Baba yangu alimpa munywani wake binti, dada yangu mkubwa, bila kudai hata jembe.

Basi siku ya kupimwa wanaume wazima, mume wangu aliogopa sindano. Mtu aliyewahi kumkabili chui kwa fimbo! Alirudisha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto, na foleni nzima ikacheka. Daktari naye akacheka. Ili kumwondoa woga akajichoma kidole chake mwenyewe, akadondosha tone la damu juu ya kioo kidogo. Kisha akamchoma mume wangu, akadondosha tone la pili kando ya lile la kwanza, kwenye kioo kilekile, akakiinua kukipeleka kwenye darubini. Kioo kikainama. Matone yakateleza yakakutana.

Lingekuwa hilo tu, lingepita. Lakini kabla ya hapo, wakiwa bado kwenye foleni, mume wangu alikuwa amewagawia watu kahawa za kutafuna kutoka kwenye kikapu chake kidogo, kama mtu yeyote wa kwetu afanyavyo, na daktari alipopita alimpa na yeye. Daktari alichukua moja akaitafuna, akakunja uso kwa uchungu wake, akaimeza.

Kicheko kilikatika. Wanaume wote waliokuwa pale waliona kilichotokea, na mimi niliona. Mume wangu akasimama wima. Akamwambia dresa, "Mwambie nimeona. Mwambie nimekubali."

Dresa huyo alikuwa mtoto wa kwetu, wa upande wa Nyakasimbi, kaptura imepigwa pasi mpaka inakata. Baba yake alikuwa na wanywani kila kilima. Alijua kabisa mume wangu anasema nini, na alijua kwamba daktari hajui. Neno moja la ukweli lingetosha. Angesema tu, "Ndugu yangu, huyu Mzungu hanywani, anapima damu." Badala yake alimgeukia daktari, wakazungumza kwa Kiswahili kwa kirefu. Daktari akacheka tena, akampa mume wangu mkono.

Nilimvuta dresa pembeni. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia amepata ndugu."

"Naye amejibu nini?"

"Amesema vizuri, huku ndugu zake ni wachache."

Jioni ile kwenye msonge wetu tuligombana. Nilimwambia mume wangu kwamba daktari hakuchanjwa tumboni. Akasema damu ni damu, hata ikitoka kidoleni. Nikamwambia hakuimeza damu yako. Akanijibu.

"Ameiweka chini ya ule mtambo akaitazama sana. Wazungu humeza kwa jicho."

"Basi na wewe umemeza nini?"

"Na mimi alinitazamisha. Nimeziona zote mbili, yake na yangu. Hazina tofauti."

Wanaume wakamtania kwa siku nyingi. "Munywani wa Mzungu! Mwombe bunduki! Mwombe akupe dada yake!" Alijibu kwamba haombi, anangoja aombwe kwanza, ndiyo adabu.

Akaombwa.

Daktari alikuwa na dawa ya kinga, ya kuchomwa mtu mzima ili mbung'o akimuuma asiugue. Alitaka kuijaribu. Nayasema haya kama nilivyokuja kuyafahamu baadaye, si kama tulivyoelezwa. Tulichoelezwa na dresa, mbele ya watu wote, ni hiki tu: "Daktari anataka wanaume wazima. Watachomwa kinga, halafu kinga itajaribiwa ndani yao." Mzee mmoja akauliza, "Itajaribiwaje?" Dresa akasema, "Kwa namna ya kidaktari." Watu wakatazamana. Kufikia asubuhi wengi walikuwa wametoroka, wengine kuvuka mto kwenda Ruanda, wengine kurudi milimani. Mkungu akaziba pengo kwa kuwaleta wale aliokuwa na ugomvi nao. Mmoja alikuwa amemshinda kesi ya mpaka wa shamba. Yule alichomwa.

Mume wangu hakutoroka wala hakuletwa. Alikwenda mwenyewe, wa kwanza, kichwa juu. Nilimwambia, "Rudi nyumbani, mimi nitapona nitakufuata." Akaniambia, "Munywani hakatai. Na kwani ataniua? Akiniua anajiua."

Kwanza walichomwa ile waliyoambiwa ni kinga. Baada ya muda wakaitwa tena, na siku hiyo na mimi niliitwa, kwa sababu zamu yangu ya kuanza dawa ilikuwa haijafika, na damu yangu ilikuwa imejaa wadudu wa malale. Dresa alinifunga mpira mkononi akavuta damu kwenye bomba la kioo. Sikujua ya nini. Akainuka nalo akaingia chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye stuli, bega wazi. Damu ilikuwa haijapoa. Nikaona sindano inaingia, na yeye akanitazama akanikonyeza, kunionyesha kwamba safari hii haogopi.

Hivyo ndivyo nilivyompa mume wangu malale. Walivuta ugonjwa kutoka kwangu wakamtia yeye, nami nimekaa pale nimebonyeza pamba mkononi kama nilivyoagizwa.

Alipata uvimbe pale begani, mwekundu, mgumu. Kisha homa. Mwanzoni alijivunia. Alisema kinga inapigana, anaisikia inavyopigana. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuchomwa dawa yangu na akili zilikuwa zinanirudi, na kadiri zilivyonirudi ndivyo nilivyoona zake zinaondoka. Akaanza kusahau chungu motoni. Akawa mkali, yeye ambaye hata mbuzi hakuwahi kumpiga. Tezi zikatoka nyuma ya shingo, mahali palepale zilipotoka zangu. Nilizishika kwa vidole vyangu, nikajua.

Nikamfuata dresa. "Mume wangu ni mgonjwa. Mchome dawa kama mnavyonichoma mimi."

"Bado."

"Bado nini?"

"Daktari anaangalia homa inavyopanda na kushuka. Akimchoma mapema hataona."

"Hataona nini?"

"Mwanamke, wewe umesoma wapi?"

Nikamwambia achukue sindano zangu zilizobaki ampe yeye. Nilikuwa na nguvu, jicho lilikuwa limeanza kuona ukungu lakini sikujali. Dresa akacheka mpaka akashika ukuta. "Unadhani dawa ni matoke, useme mpunguzie kwenye sahani yangu?" Akawaita wenzake wasikie. Kwa muda mrefu pale kambini nikipita walikuwa wanaulizana, "Leo matoke yapo?"

Nikaenda kwa mkungu, alikuwa amekuja kuhesabu watu wake. Nikapiga magoti kama inavyotakiwa. Nikamwambia aseme neno kwa daktari, mtu wake anakufa. Mkungu akajifuta mdomo, alikuwa anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akasema, "Mume wako ni munywani wa Mzungu. Mimi ni nani niingie kati ya ndugu na ndugu?" Watu wake wakacheka. Nami nikarudi na vumbi magotini.

Wakati huo mume wangu alikuwa analala mchana na kukesha usiku, lakini kulikuwa na saa chache asubuhi alipokuwa yeye mwenyewe. Asubuhi moja akaniita nikae karibu. Nilidhani atanipa maagizo ya mazishi. Akasema, "Nenda kwa daktari. Mwambie ajitazame tumbo."

Sikumwelewa.

"Mimi nakufa," akasema, "na aliyenitia ugonjwa ni yeye. Nadhani hakukusudia. Lakini damu haiulizi kama mtu alikusudia. Itamvimba. Mwambie atafute mtu anayejua kumtakasa, aje hapa tulisawazishe kabla sijafa, maana nikishakufa hakuna wa kumfungulia. Ana mama yake huko kwao. Nenda upesi."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Ilikuwa ni kumtii, na nadhani nilitumaini daktari akiogopa kwa ajili ya tumbo lake atatoa sindano. Alikuwa barazani kwake, mezani, na dresa yuko kando yake. Nikasema maneno ya mume wangu yote, kama alivyonituma. Dresa akayageuza kwa Kiswahili. Safari hiyo nadhani aliyageuza sawasawa, kwa sababu daktari aliacha kuandika, akavua miwani.

Akauliza maswali. Je, kila mtu wa kwetu anaamini hivyo? Tumbo huvimba baada ya muda gani? Mtu wa kutakasa hutumia majani gani? Nikajibu, nikidhani anatafuta kupona. Alikuwa anayaandika. Mwisho akasema jambo, na dresa akaniambia, "Anasema umwambie ndugu yake kwamba tumbo lake ni zima na anashukuru."

"Na sindano?"

Wakazungumza tena. "Anasema: mtu mmoja akiugua hapa chini ya macho yetu, watu wengi sana watapona huko nje. Anasema ni vigumu kwake pia."

Nikamwambia dresa, "Mwulize kwa nini huyo mmoja asiwe yeye."

Dresa akanitazama. "Swali hilo silipeleki."

"Lipeleke."

"Silipeleki. Toka."

Daktari akauliza kitu, bila shaka alitaka kujua nimesema nini. Dresa akamjibu kwa maneno mawili. Daktari akatabasamu, akaingia ndani, akatoka na sukari imefungwa kwenye karatasi, akanipa. Hapo ndipo nilipoapa kujifunza Kiswahili. Daktari alikuwa anakijua kama mtu wa pwani! Tulikuwa tumesimama mbali kidogo tu mimi na yeye, na katikati yetu kuna mtoto wa Nyakasimbi anayeamua lipi lipite na lipi lisipite.

Sukari niliimwaga. Nilimwambia mume wangu kwamba daktari amepata habari na amekwenda kutafuta mtu wa kumtakasa. Akafurahi.

Wakaanza kumchoma dawa alipokuwa hawezi tena kushika kijiko. Ilikuwa imechelewa, hata mimi niliona, na nadhani waliona. Alikufa mchana, jua limesimama, mate yakimtoka, na neno la mwisho nililolisikia ni kuuliza kama munywani wake ameshatakaswa. Nikamwambia ndiyo. Kisha wakamchukua kabla hatujamwosha. Waliponirudishia, kichwa kilikuwa kimeshonwa kuzunguka kama mdomo wa gunia la kahawa. Nikauliza wametoa nini. Dresa akasema, "Kidogo tu, cha kutazama." Tulimzika hivyo hivyo, na mama yake hakuambiwa kamwe kwamba mwanawe alizikwa amepungua.

Nikabaki kambini kumaliza dawa zangu. Kila asubuhi nilikwenda kusimama mahali ninapoweza kuona ile baraza, nikamtazama daktari tumbo lake. Watu walidhani nina wazimu wa malale. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilitaka kumwona akifungua kifungo cha suruali kwa kubanwa. Nilitaka aombe maji usiku. Mimi nilimwombea lile tumbo kuliko nilivyowahi kuomba kitu kanisani. Likabaki bapa kama la nzige. Jicho langu la kushoto likaisha kabisa nikiwa katika kazi hiyo ya kumtazama, na la kulia ndilo lililomwona akipanda gari na masanduku yake, anapiga mluzi, mzima.

Miaka ikapita. Vita ikaja ikaisha. Nilijifunza Kiswahili kwa mke wa mwalimu wa misheni, kwa kumlimia kibanja chake. Nilikuwa naota kwa Kiswahili, naota nauliza lile swali. Sikuolewa tena. Mwanamke wa jicho moja aliyemwua mume wake kwa damu yake, nani amchukue? Ndivyo walivyosema, na aliyelianzisha neno hilo ni mkungu, ambaye naye alikufa kwa kuanguka amelewa kwenye shimo la kuivishia ndizi za rubisi. Sikwenda kumzika.

Kisha mbung'o wakapanda tena, mara hii hata huku kwenye vibanja, na watoto wakaanza kuugua. Akaja daktari mwingine, kijana, mwenye Kiswahili kizuri. Alikuwa anawatafuta watu waliopona malale zamani. Aliletwa nyumbani kwangu na mtu wa kumwonyesha njia, na mtu huyo alikuwa dresa. Amezeeka, mzee wa kanisa, koti jeusi, Biblia kwapani.

Dresa akasema, "Dada, hujambo. Nimekuletea mgeni."

Nilimwamkia daktari kwa Kiswahili, nikamkaribisha kwa Kiswahili, nikamwambia mbele ya yule mzee kwamba leo hatutahitaji mkalimani. Mzee akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, hana kazi.

Daktari yule alizungumza nami kama mtu. Alieleza anataka damu yangu kwa ajili gani: kuna kipimo kipya, na damu ya mtu aliyeugua akapona itasaidia kukisahihisha, ili watoto watambuliwe mapema. Kisha akasema, "Mama, unaweza kukataa. Ukikataa hakuna mtu atakayekufanya kitu."

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kutoka kwa mtu mwenye sindano. Nikamwuliza kama mume wangu naye aliambiwa hivyo.

Akauliza mume wangu ni nani. Nikamweleza yote, kambi, kinga, damu yangu, homa. Akawa anainamisha kichwa kila ninavyoendelea. Akasema anaijua kazi ile, alielezwa na wakubwa zake. Yule daktari yuko hai, amestaafu, anafuga nyuki kwao.

"Ile kinga ilikuwa mbovu?" nikamwuliza. "Nataka kujua hilo tu. Aliamini inapigana."

Nadhani alijiuliza kwanza kama aniambie, ndipo akasema, "Mama, hawakupewa wote kinga. Ili kujua kama dawa inafanya kazi, wengine walipewa dawa, wengine maji ya chumvi. Wote wakatiwa ugonjwa. Aliyeugua haraka namna hiyo, bila shaka alikuwa wa maji."

"Maji."

"Ndiyo."

"Na hao waliochomwa maji walijua?"

"Hapana. Wakati ule haikuwa desturi kuwaambia."

"Basi angalau ilisaidia? Hao wengi wa huko nje, walipona?"

Hapo akageuka kando. Akasema watu waliojaribiwa walikuwa wachache mno, na wengine walikimbia katikati. Haikuthibitisha kitu. Haikutumika popote.

Nikamwuliza swali la mwisho. Nani aliyechagua huyu apate dawa na huyu maji? Akasema daktari hupanga, lakini mwenye kushika chupa ni msaidizi. Wote wawili tukamtazama mzee wa kanisa.

Sikutegemea angejibu. Lakini labda alikuwa amechoka kunyamaza, au alikuwa anaona fahari mbele ya daktari mpya. Sijui, sipendi kumtafutia sababu. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayefundisha, "Bwana mkubwa aliagiza wa maji wawe watu ambao hawatakimbia. Wa dawa akikimbia si neno, mzima. Wa maji akikimbia anapeleka ugonjwa kwenye vijiji na kazi inaharibika. Wengine wote nilikuwa nina shaka nao. Mume wako sikuwa na shaka naye. Alikuwa amenywana. Nikamwambia Bwana, huyu hata akiona kifo hatoki."

Daktari kijana akasema, "Mzee, nyamaza."

"Ulimchagua kwa ajili hiyo," nikasema.

"Ilikuwa kazi. Na wewe si ulipona? Mungu ana mipango yake, dada."

Nikamgeukia daktari. Nikamwambia, "Umesema naweza kukataa."

"Ndiyo, mama."

"Nakataa."

Hakubishana. Akaanza kufunga kisanduku chake, na nilimwona ameumia, lakini hakubishana, na kwa hilo nampa heshima yake. Aliyebishana ni mzee. Alisimama, Biblia ikamponyoka. "Unawanyima watoto! Kuna mjukuu wangu amelazwa! Tone moja tu, dada, ana homa ileile, anasinzia kwenye chakula! Una roho gani?"

"Chukua damu yako," nikamwambia. "Mkono unao."

Akaanza kweli kupandisha mkono wa koti, anamwambia daktari achukue yake, yote anayotaka. Daktari akamshusha mkono.

"Yako haina kazi, mzee," akasema. "Wewe hujawahi kuugua."